Siku Watu wa Elerai Walipogoma Kutoka

Kijenge, Arusha
15 Februari 1998

Mpendwa Kaka Abdiel,

Shikamoo kaka. Wewe, wifi Agnela na watoto hamjambo huko Songea? Mguu ulioutengua umepona? Sisi tu wazima, ila nguo hazikauki. Hii mvua ya Elnino imegeuza Kijenge yote tope.

Umeuliza kama ni kweli Baba alimpiga Fanuel mbele za watu. Ni kweli. Nilikuwepo, kwa hiyo bora usikie kwangu kuliko kwa abiria wa mabasi.

Unajua mdogo wetu aliacha ukarani akaenda kutafsiri filamu kwenye banda la video, Elerai. Baba akasema mwana wa mzee wa kanisa hawezi kula kwa kazi hiyo, na tangu hapo hawasemeshani. Jumamosi, wiki mbili zilizopita, mchana, akaniambia, "Ndeshi, nipeleke huko nikamtoe kwa mkono wangu." Nikampeleka.

Banda lenyewe ni la matofali mabichi, ukingoni mwa korongo, na mabenchi yalikuwa yamejaa. Mvua inagonga bati mpaka kipaza sauti cha Fanuel kinazidiwa. Filamu ilikuwa ya kimbunga kilichopiga hoteli, mto umefurika, mamba wameingia hadi jikoni. Mtu akifungua kabati, mamba. Akipanda darini, chatu kamtangulia. Wazungu wanapungua mmoja mmoja. Mimi roho ilikuwa mkononi, sikufichi.

Baba alisema anasubiri tu nafasi ya kumwita Fanuel. Kisha akakaa. Kisha akavua kofia. Mpishi alipotaka kuingia kwenye maji kufuata sanduku lake, Baba akapaza sauti, "We mjinga, unakwenda wapi?" Nilicheka mpaka nikaona aibu.

Sasa, Fanuel hatafsiri tu, anawaingiza watazamaji ndani ya filamu. "Nyie wa benchi la nyuma, mamba huyo miguuni! Mama wa kitenge chekundu, kimbia!" Watu wanarusha miguu juu na kupiga mayowe. Ndiyo sifa yake Elerai nzima, na ndiyo iliyotuponza.

Maana yeye hukaa karibu na mlango, na siku ile aliona korongo limeacha njia yake, maji yanakula msingi wa ukuta wa nyuma. Akasema kwenye kipaza sauti, "Jamani tokeni, ukuta unaanguka!" Watu wakapiga makofi. Akasema tena, "Kweli jamani, siyo filamu!" Makofi yakazidi, na mmoja akaitikia, "Tupe raha, Fanuel!" Maji yalishafika kwenye viatu vyangu, nami nikadhani bati linavuja. Hakunyanyuka mtu, kaka. Hata Baba.

Ndipo akafanya jambo ambalo watu wa video hawasamehe. Mwanamke mmoja alikuwa amening'inia dirishani, mamba chini yake, Fanuel akazima. Akachomoa kanda, akaiinua wote tuione, akatoka nayo mbio mvuani.

Loo! Banda zima lilimfuata na matusi. Baba alikuwa wa mbele, fimbo mkononi. Walimkuta ng'ambo ya barabara, amesimama anawasubiri. Hakukimbia tena. Fimbo ya kwanza ilikuwa ya Baba, ikampata mdomoni. Waliobaki wakaendeleza. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Kisha tukasikia mshindo nyuma yetu. Ukuta ulilala, bati likashukia mabenchi, maji yakapita na kila kitu. Ndani hakuwa amebaki mtu hata mmoja. Wale waliokuwa wanampiga wakaacha, wakawa wanatazama tu. Ndio hao hao waliombeba kumpeleka hospitali.

Meno mawili ya mbele hana, na taya limefungwa. Watu wa Elerai wanamletea ndizi na maziwa, na wapo wanaomuuliza kama yule mwanamke wa dirishani alipona. Binadamu wana vituko!

Baba alikuwa hali chakula. Nilimkasirikia sana, na nilimwambia. Jana asubuhi nikamkuta uani anakata jani la sale. Desturi yetu unaijua, mkosaji hulipeleka kuomba msamaha, ila baba kumpelekea mwanawe sijapata kuona wala kusikia. Akalipiga fundo, akavaa suti ya kanisani, tukaenda.

Alisimama kando ya kitanda akalitoa kwa mikono miwili. Fanuel akageukia ukutani. Baba hakuondoka, mikono imenyooka vile vile. Nilitaka kumshika nimkalishe, akanikatalia kwa kichwa. Baadaye sana Fanuel akarudisha mkono mmoja nyuma, bila kugeuka, akalipokea.

Baba akaketi chini sakafuni, na suti yake, akalia.

Mama anawasalimu wote, na ametenga kahawa ya wifi kwa atakayesafiri. Mfikishie salamu shangazi Anyesi. Mungu awafunike huko mliko na awapunguzie mvua.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Ndeshi

Baba kapita hapa nikimalizia. Kasema niandike wazi kuwa aliyeanza kumpiga ni yeye.