Ubao Uliolala Kinyume

Mpendwa mshauri,

"Anayechonga kwa kompyuta naye ni fundi, tena fundi kamili." Maneno hayo uliyaandika wewe mwenyewe katika safu hii, nami niliyasoma nimekaa juu ya gogo langu la kazi, mkono umevimba, katika gazeti tunalopokezana karakana nzima, nikasema kwa sauti, huyu hajawahi kushika patasi. Nakukatalia mpaka leo. Lakini naomba msaada wako wewe huyohuyo, maana sina mwingine wa kumwambia, na jambo lenyewe limenichosha kuliko mbao zote nilizowahi kuchonga.

Mimi ni mwanamke, mchongaji wa milango na vitanda, kazi niliyofundishwa na baba yangu, na katika karakana yetu tuko wengi chini ya paa moja la bati, maseremala wa viti, wa madirisha, wa majeneza, kila mtu na pembe yake, na pembe ya mlangoni ni ya binti wa kaka yangu, aliyekuja na mashine ya kuchonga inayoendeshwa na kompyuta, anachora ua kwenye kioo, anabana ubao mezani, anabonyeza, mashine inalia kama nzi ndani ya chupa, na ua linatokea. Mafundi wakampa jina la Kipanya, kwa sababu ya kile kidude cha kompyuta kisichomtoka mkononi. Hakukasirika. Akiitwa anaitika, "Naam, paka wangu," watu wanacheka.

Mimi sikucheka, mshauri. Ua moja linanila mgongo na macho, na mteja akija ananipita anakwenda kumtazama Kipanya, halafu anarudi kuniuliza mbona mimi nachelewa. Nikawa nasema, tena mbele yake, mashine ndiyo inayochonga, huyu anabonyeza tu, hata kuku akidonoa pale ua litatoka. Yeye ananijibu kwa upole, "Shangazi, njoo basi na wewe udonoe."

Basi, mkutubi mmoja, mama mtaratibu, akamwagiza mlango wa maktaba, katikati uwe na mmea unaopanda kutoka chini hadi juu, wenye vikonyo vyembamba kama vidole vya mtoto. Kipanya akauchora, akaufuta, akauchora tena, na siku moja nilipita nyuma yake nikauona umekamilika, mzuri, nikanyamaza. Siku ya kuchonga, kwa kuwa alitaka kuokoa mbao, aliunganisha vipande vikalala kwa upana, nyuzi za ubao zikawa zinakwenda kulia na kushoto wakati vikonyo vyake vinapanda juu. Aliyewahi kuchonga anajua kwamba kikonyo chembamba kinachokatisha nyuzi hakina nguvu, kitavunjika kama biskuti. Baba alinifundisha kuupapasa ubao kwa kiganja kabla ya yote, kiganja kikiteleza ndiko nyuzi ziendako, kikikwaruzwa umekwenda kinyume. Kipanya hapapasi, anapima. Niliona tangu pale nilipokaa. Niliona kabla hajabonyeza. Nikainama nikaendelea kunoa patasi.

Mashine ikachonga mpaka ikamaliza, na kwa kitambo kidogo mmea ule ulikuwa mzima, watu wakasogea kuutazama, lakini alipoanza kupiga msasa kikonyo kimoja kikakatika, kisha kingine, akawa amesimama na vipande kiganjani, na mkutubi ndiyo anaingia. "Kosa ni langu, mama," akamwambia. Seremala wa madirisha akapaza sauti, "Jamani, Kipanya kimetafuna mlango!" Karakana yote ikaangua kicheko. Siku hiyo hakuitika "paka wangu".

Jana alinifuata, hakutaka hata kuketi. "Shangazi, ulikuwa unasema kweli. Hii si kazi, na mimi si fundi. Kuna mtu anayechonga vibao vya plastiki vya majina, mwisho wa wiki anakuja kuichukua mashine." Nikamuuliza utafanya nini, akasema, "Nitajua mbele ya safari." Mshauri, hayo ndiyo maneno niliyoyangoja muda wote huo, na yalipokuja sikuyataka tena. Katika ukoo wetu hakuna mwingine anayetaka kushika mbao. Nikimwambia kwamba niliona, atanichukia. Nisipomwambia, anaondoka. Nifanye nini? Na tafadhali usinihubirie habari za kompyuta.

Ni mimi niliyechoka,
Shangazi wa Karakana

*

Shangazi,

Nitakuhubiria, kwa sababu mahubiri umeyaleta mwenyewe. "Mashine ndiyo inayochonga, huyu anabonyeza tu." Sentensi hiyo nimeletewa na watarizi wa mkono wakiwasema wenye cherehani, nimeletewa na wachora mabango wakiwasema wenye kompyuta, na wenye kompyuta nao sasa wananiletea wakiwasema wanaokuja nyuma yao. Nimechoka nayo kama mtu anavyochoka na redio ya jirani. Kwako nitaijibu kwa mlango wako, basi.

Ikiwa mashine ndiyo inayochonga, mlango ulipoharibika aliyeuharibu ni mashine. Mbona hukumwambia mkutubi hivyo? Mbona hakuna aliyeicheka mashine? Lawama ilikwenda moja kwa moja kwa binti, na nyote mkaona imefika kwa mwenyewe. Kumbe siku zote mlijua kwamba kazi ni yake! Huwezi kumnyang'anya mtu kazi yake inapopendeza, kisha ukamrudishia inapovunjika. Chagua moja, shangazi.

Tena nikuulize: mbao zako unazipasua kwa meno? Zinatoka kwenye msumeno wa umeme, zimenyooka tayari, na sijasoma popote katika barua yako kwamba msumeno ndio uliotengeneza vitanda vyako. Nyani haoni kundule.

Usidhani namtetea binti kwa kila kitu. Alikosea, na kosa lake ni la mtu aliyeuamini mchoro akausahau ubao. Mchoro hauna nyuzi, ubao unazo. Nilipoandika "fundi kamili" nilikuwa na haraka. Neno "kamili" nalifuta leo, kwa hiari yangu. Nalifuta kwake na nalifuta kwako. Wewe unaujua ubao, lakini mmea ule hukuweza kuuwaza, ndiyo maana ulipouona ulinyamaza. Mnabishana nani kachoka zaidi, wakati ufundi si jasho. Ungekuwa jasho, kuli angetushinda sote. Ufundi ni kuwaza kitu ambacho bado hakipo, na kujua kitakapovunjikia kabla hakijavunjika. Nusu ya kwanza alikuwa nayo yeye. Ya pili ulikuwa nayo wewe, kiganjani, hatua chache kutoka mezani kwake, na ukaitumia kunoa patasi.

Hapo ndipo unaponikasirisha. Baba yako hakukupa kile kiganja ukifiche chini ya kanga. Unalia kwamba ukoo hauna wa kurithi mbao, na mrithi alikuwa mbele ya macho yako anabana ubao. "Mwanangu, geuza." Maneno mawili. Umempa kicheko cha karakana badala yake, na sasa amekuamini wewe kuliko anavyojiamini yeye. Kakwambia "ulikuwa unasema kweli", na wewe peke yako ndiye unayejua kwamba si kweli.

Najua umechoka. Mkono umevimba, wateja wanakupita, na hakuna anayekushukuru kwa umri ulioumalizia juu ya gogo lile. Hilo linauma, na sitakudanganya kwamba litaisha binti akibaki. Lakini uchungu una haki ya kulia, hauna haki ya kumvunja mwenzio.

Sasa sikiliza. Nenda kwenye pembe ya binti leo, mchana, mafundi wote wakiwapo, kwa sababu alichekwa mbele yao. Umesema gazeti hili mnapokezana. Likimfikia Kipanya kabla yako, usinilaumu mimi. Mwambie, "Niliona, nikanyamaza." Usitie "lakini" hapo. Wala usimlilie akusamehe palepale, maana utamlazimisha akubembeleze wewe, na zamu ya kubembelezwa si yako. Akinuna, mwache anune. Akiiuza mashine, imeuzwa, na mzigo huo utaubeba. Akikuchukia kwa muda, afadhali akuchukie kwa jambo la kweli kuliko ajidharau kwa jambo la uongo.

Halafu nenda kwa mkutubi, umweleze vilevile ilivyokuwa. Mlango uchongwe upya, mbao utoe wewe, na nyuzi zipande na mmea. Binti akikubali kuuchonga tena, usiguse kompyuta yake. Chukua mkono wake, uuweke juu ya ubao, umwache apapase mpaka ajue mwenyewe. Akikataa, muombe ruhusa ya kuutumia mchoro wake, uuchonge kwa patasi, na anayeuliza ni kazi ya nani umjibu kwamba ni ya watu wawili. Mkono ukiuma, pumzika.

Limebaki moja, nalo si lako. Ubao ule ulilala kinyume pembe ya mlangoni, pale kila mtu anapopita akiingia na kutoka, mchana kweupe, katika karakana iliyojaa watu wanaokula kwa mbao, na eti aliyeuona ni mwanamke mmoja mwenye mkono mgonjwa? Sikubali. Wewe seremala wa madirisha uliyepaza sauti, na ninyi wa viti na wa majeneza mliocheka, najua mnasoma hapa. Mliuona. Shangazi huyu atakaposimama kusema "niliona", msimwache asimame peke yake. Wekeni randa chini, muende pale mlangoni, mmwambie binti huyo na ninyi.