Nyumba Aliyoonyeshwa Dada

Shoga, usimpigie dada sasa hivi. Ndiyo kwanza amerudi.

Unamkumbuka yule dalali aliyemsifia mtaa, eti umetulia, shule iko karibu, majirani hawana maneno? Leo kampeleka kuona nyumba. Katoa funguo mfukoni, kafungua mwenyewe. Ndani televisheni inawaka.

Dada akamuuliza, "Mbona kuna watu?"

"Wapangaji tu hao. Wanahama."

Mara akatoka mwanamke chumbani, mtoto mgongoni. Akamtazama dalali, akasema taratibu, "Baba watoto, huyu mgeni ni nani?"

Baba watoto, shoga. Baba watoto! Anapangisha nyumba anamolala mke wake, na mke hana habari.

Yule mama akamgeukia dada. "Amekwambia uhamie lini?"

Dada alishindwa kudanganya. "Jumamosi."

Mama wa watu akaketi sakafuni. Akamshika dada mkono. "Nampigia kaka yangu aje. Naomba usiniache naye mpaka afike."

Dalali akasema, "Ukibaki hapa, nyumba umeikosa."

Dada akavua viatu, akaketi kando yake.