Nimekwenda Kuchomwa Sindano ya Mifupa

Ndayikunda mwanangu,

Maharage yameiva, bado chumvi tu. Mwanao Mpawe yuko kwa jirani, Mama Shadia. Hajaumia. Usikimbilie huko kabla hujamaliza kusoma.

Asubuhi, ulipokwisha kwenda shamba, mwanao alitambaa hadi jikoni akanyoosha mkono kwenye sufuria inayochemka. Nilikuwa karibu naye kabisa. Sikuinama. Tangu uti wa mgongo univunjike kwa kuinua ndoo tu, kuinama kunanitia hofu. Nilisimama pale pale napiga kelele, mpaka Mama Shadia akaingia mbio akamnyakua.

Basi nimepanda gari la Athuman kwenda Kibondo, kwa wale madaktari wa utafiti. Bodaboda ingenimaliza. Najua ulisema, "Mama, usikubali wakufanyie majaribio." Ni sindano ya homoni, wanataka kuona kama itaujenga mfupa upya. Wengine tutachomwa hiyo, wengine watapewa dawa ya kawaida. Nilimwuliza daktari kama itanidhuru. Akasema, "Mama, hilo nalo ndilo tunalolichunguza." Hakunificha. Naogopa sana.

~~Nikirudi bila kuchomwa, usinicheke.~~ Nitachomwa.

Kuku wafungie mapema, kicheche amerudi. Na mtoto usiniachie peke yangu, hata akinililia, mpaka siku utakayoniona nimeinama nikambeba.

Mama yako