Mulevi Anavuta Kushoto

Jumatatu, 3 Novemba
Uwanja wa ndege, saa mbili asubuhi. Ukungu ziwani. Kwa makala yangu ya gazeti nimekusanya majina sita ambayo marubani wamezipa ndege ndogo. Ya bluu ni Bibi: kelele nyingi, lakini inafika. Nyeupe ni Mulevi. Aliyeipa jina ni Deo, rubani aliyekulia Goma. Huipapasa bawa kabla ya kuitukana.

Jumanne, 4 Novemba
Nilimuuliza Deo kwa nini Mulevi.
"Dada, ikikimbia ili iruke, inavuta kushoto kupita zingine zote. Donc, kwa hiyo, rubani mupya tunamwambia jina kwanza, funguo baadaye. Akisikia Mulevi, mguu ya kuume iko tayari kukandamiza pedali, ndege inyooke."
Makala yangu ni hiyo. Tusi ni onyo.

Jumatano, 5 Novemba
Mwenye ndege ameipaka Mulevi rangi nyeupe upya na kuiita Malaika. Watalii hawapandi mlevi, anasema. Atakayetamka jina la zamani hana kazi.
Mhariri wangu ni rafiki yake. Anataka niandike Malaika. Nimekataa. Rangi haijanyoosha kitu. Akaniambia nitafute gazeti lingine. Nitatafuta.

Ijumaa, 7 Novemba
Rubani mpya, Grace, amekuja kutoka Uganda. Kesho anairusha ile nyeupe na abiria watatu. Hakuna aliyemwambia. Deo ana watoto wanne, amenyamaza. Nimemkasirikia. Asiposema, nitasema mimi, mbele ya yeyote.

Jumamosi, 8 Novemba
Sikuhitajika. Grace alikuwa ameshanyoosha mkono kupokea funguo, mwenye ndege kando yake. Deo akapaza sauti.
"Dada Grace! Huyu ni Mulevi!"
"Umesema nini?" mwenye ndege akauliza.
"Mulevi, patron. Nirudilie?"
Grace akacheka. Akauliza anayumba upande gani. Deo akajipiga paja la kushoto.
Ndege ilikimbia imenyooka, ikaruka. Kabla haijapotea machoni, Deo alikuwa amefukuzwa.

Jumatatu, 17 Novemba
Makala imetoka, katika gazeti lingine. Mulevi yuko sentensi ya kwanza.
Nimempelekea Deo nakala. Bado hana kazi. Tulikaa nje ya ua wa uwanja, tukinywa chai. Ndege nyeupe ikaanza kukimbia. Mguu wa kulia wa Deo ulikuwa unakandamiza udongo, mpaka ndege ilipoinuka.