Mbegu Zilizokaa Juu ya Moshi

Mudzipela, Bunia
Tarehe 10 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Lucien,

Salamu nyingi kutoka huku. Mgongo wako unaendeleaje, na joto la Kisangani? Wifi yangu Jeannine na watoto wazima? Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu, ila vumbi la kiangazi linatumaliza macho.

Mwaka jana uliniomba nimzuie yaya Zacharie, kaka yetu mkubwa, asirudi kijijini Djugu, kule tulikokimbia risasi. Nilishindwa, nakuambia kweli. Aliyemzuia ni mwanao Ketsia, na nimemsifu mpaka majirani wamenichoka.

Unajua yaya alikimbia na ng'ombe mmoja tu na kifuko cha mbegu za majani ya malisho ya kwetu. Kwa kuogopa wadudu, alikitundika juu ya moshi wa jiko, kama tunavyotunza mbegu za mahindi. Baadaye akazipanda hapa nyuma ya nyumba. Zikaota vizuri, lakini kiangazi kilipofika majani yote yalikauka, na kule kwetu yalikuwa yakivumilia. Yaya akafunga mzigo.

"Udongo ya huku inatukatala," alisema. "Ata kama bataniua, mimi narudia kwetu."

Ketsia hakubishana naye. Hayo majani ndiyo anayochunguza katika masomo yake ya kilimo, basi akampeleka maabara akachungulie mwenyewe kwenye hadubini. Alianza na majani ya aina hiyo hiyo aliyochuma Kasenyi, kando ya ziwa, kwenye ukame. Ndani yake yaya aliona nyuzi nyembamba ajabu. Ni kuvu, jamaa wa uyoga, anayeishi ndani ya jani bila kuliumiza. Jani linamlisha, naye analisaidia kustahimili jua. Majani ya Nyankunde, penye mvua zaidi, yalikuwa na nyuzi chache. Ya yaya hayakuwa na hata moja. Kuvu huyo hukaa hata ndani ya mbegu. Joto la jiko lilimuua, mbegu ikabaki hai peke yake.

Yaya akacheka. "Kumbe udongo haina makosa, Ketsia. Ni mimi baba yako mukubwa njo nilipika mbegu."

Akakubali kusubiri msimu mmoja. Mvua zilipoanza, Ketsia alimletea mbegu mpya za majani yale yale kutoka Kasenyi. Alizipima kwanza, maana kuvu wengine humdhuru ng'ombe. Sasa mtaa mzima umekuwa kahawia, lakini nyuma ya nyumba kwetu ni kijani, na ng'ombe anatoa maziwa.

Lucien, umezaa. Nikimwona mtoto huyu amechuchumaa vumbini, anakagua shina moja kama mama anayetazama jino la kwanza la mwanawe, najivuna kupita kiasi. Wala hajisifu. Ukimsifu anakuuliza kama umekula.

Mume wangu Fiacre anawasalimu. Nisalimie Jeannine, Yannick na Débora mdogo. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake, na mgongo wako aunyooshe.

Yaya Zacharie naye amefungua ule mzigo. Wiki hii ameanza kufyatua tofali, na amenituma nikuandikie maneno yake hivi hivi: "Lucien akikuya huku Bunia, asilale kwa Martine. Akuye kwangu."

Wako akupendaye daima,
dada yako Martine