Nafasi Niliyomwachia Eric

Kwako Selipher, mke wangu,

Natumai kikohozi kimepungua na madam wako amekupa dawa. Huku Sulay ni joto tu. Sukuma wiki niliyopanda nyuma ya bohari imekauka yote.

Najua Ijumaa ulikuja uwanjani hapo Jeddah ukanitafuta. Sikuwa mgonjwa. Kocha wetu Jackton alitaka kumtoa Eric kwa timu ya Malaz, ambayo imeshatolewa mashindanoni, ili tupate winga wao kwa nusu fainali ya huko Jeddah. "Tangu mtoto wake azikwe nyumbani, Eric hakimbii," alisema, na wenzetu wakakubali. Mimi nikamfikiria Ivy, mkewe, anayefanya kazi hapo Jeddah, mtaa wa Safa, kama wewe. Walikuwa hawajaonana tangu msiba, na kafili, mwajiri wetu, hutoa ruhusa ya safari kwa wachezaji tu.

Nikasema, "Wape Malaz mimi. Eric abaki."

"Dalmas, wewe ndiye beki! Tutafungwa!" Jackton akafoka.

"Basi tufungwe."

Wakasafiri bila mimi, tukafungwa mabao manne, na sasa Jackton hanisalimii. Usidhani sikutaka kukuona, mama. Siku hiyo nililala nimegeukia ukuta, sikutaka hata kusikia matokeo.

Eric alirudi jana. Aliketi kitandani kwangu akaniambia jinsi yeye na Ivy walivyoshikana wakalia kando ya uwanja. Kisha akalitaja jina la mtoto, Melvin, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akaendelea kunisimulia habari za mwanawe, hata akacheka kidogo.

Nivumilie, tutaonana.

Wako anayekukumbuka,
Dalmas