Pampu Yangu na Maji ya Jumamosi

Ruring'u,
Nyeri.
14 Machi 2025

Mpendwa Shangazi, Tata Ngendo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu, pamoja na baridi ya asubuhi ya Nyeri, ingawa najua ukilinganisha na ya huko Halifax yetu ni ya kuvaa sweta tu. Goti lako linaendeleaje? Mwanao Wendy alituambia ulianguka kwenye theluji, ukaamka ukilaumu viatu. Nilicheka, kisha nikakuombea. Sisi tu wazima. Baba anakohoa kidogo lakini anakana, Mama amemaliza kuvuna viazi, na mvua tunaingoja wiki hii.

Barua hii atakuletea rafiki yangu Beth, anayesafiri Jumanne, pamoja na majani ya chai. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu Baba husimama nyuma yangu, na wewe, usikasirike, hukatiza watu.

Najua Baba, kaka yako, amekupigia. Najua amekuomba unikataze kwenda kwenye bwawa la kuogelea, na kwamba nikikataa, ile pampu ya insulini uliyonitumia Krismasi irudi kwako. Tata, pampu hairudi na bwawa siachi. Nayasema mapema ili usome mengine ukijua msimamo wangu.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana Baba huanza hadithi hii hospitalini.

Tangu Januari huenda kila Jumamosi kwenye bwawa la hoteli moja hapa mjini. Mwalimu wetu, Subira, hutufundisha kuogelea na mazoezi ya majini. Tuko kina mama kumi na wanne wenye magoti mabovu, na mimi wa miaka ishirini na sita. Siku ya kwanza niliingia na pampu kiunoni, kwa kuwa kitabu chake cha maelekezo kinaruhusu. Mama Dedan, jirani yetu, alipoona kijitaa chake kikiwaka alipiga kelele, "Ngai! Iko na stima! Tokeni, atatuchoma sisi wote!" Wakatoka wote kumi na wanne, hata yule ambaye hushikwa mkono kupanda ngazi. Nikabaki peke yangu katikati ya maji. Baadaye tulicheka, na Mama Dedan akaniletea mkungu wa ndizi wa kuomba msamaha.

Lakini moyoni niliona haya. Jumamosi iliyofuata niliichomoa pampu nyumbani nikaiacha kwenye droo. Nikaogelea, nikanywa chai ya sukari na mandazi ili nisionekane mgonjwa, nikapitia mkutano wa chama, nikarudi jioni. Masaa manane bila tone la insulini! Nilitapika mpaka nikapelekwa hospitali, nikalazwa siku mbili. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kilishafika mlangoni. Sikufichi, niliogopa sana.

Hapo ndipo Baba alipopiga marufuku. Kwake yeye, maji ndiyo yaliyonilaza. Si maji, Tata. Ni aibu, na hiyo nimeshaiacha.

Nisikilize tena, na hapa utaniwia radhi. Mimi nimepewa jina la Cucu, mama yenu, na kwa desturi yetu mimi ndiye yeye. Baba hajawahi kuniita Wakonyo ila akiwa na hasira. Siku zote huniita maitu, mama yangu. Kwa hiyo ananiona mimi na kumwona marehemu. Cucu alipoambiwa ana sukari, mlimkataza kwenda mtoni, mkamkataza shamba, mkamkataza hata kupanda kile kilima cha kanisa. Kila alipoinuka mlimwambia, "Maitu, kaa." Wewe mwenyewe ulimshonea mto wa kiti. Alikaa kando ya mlango miaka sita, hadi mguu ukakatwa, na kiti bado kipo pale pale. Najua mlimpenda. Lakini mlimpenda hadi akasahau kutembea, na mimi kiti kile sitakikalia.

Wala siendi majini kwa ukaidi mtupu. Nesi wa kliniki alinipa utaratibu wangu nami naufuata kuliko katekisimu. Napima sukari kwanza. Pampu naichomoa pale pale ukingoni, nafunika kijimrija tumboni kwa kifuniko chake na plasta, na yenyewe inakaa kivulini kwa sababu jua huharibu insulini. Karibu na ngazi naweka juisi, sukari isije ikashuka. Sipitishi dakika arobaini. Nikitoka napima, naichomeka, ndipo nakwenda kwenye chai, na siku hizi hainywewi na sukari. Mama Dedan ndiye mkali wa hilo. Huonja kikombe changu mbele ya watu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimeketi ukingoni, miguu majini, pampu mkononi, ndipo nikamwona Baba akiingia getini na kofia yake na lile koti la mazishi. Hakusalimu mtu. Alisimama juu yangu akasema, "Wakonyo, toka huko kwa maji. Ati unataka nizike mama yangu mara mbili?"

Nilimwonea huruma, na bado nilikuwa na hasira. Nikamwambia, "Kama mimi ni mama yako, shika hii kitu. Kaa hapo chini ya mwavuli, na uangalie saa."

Sijui nilitoa wapi ujasiri huo. Nilimnyooshea pampu, na mkono ukakaa hewani muda mrefu. Mwishowe akaichukua kwa mikono yote miwili, kama kifaranga cha siku moja, akaketi. Nikaingia majini. Kila nilipogeuka nilimwona ameifunika kwa kofia yake, macho kwenye saa. Subira alipotaka turudie zoezi la mwisho, sauti ikatoka chini ya mwavuli, "Mwalimu, huyo wakati yake imeisha! Maitu, toka."

Nilitoka. Nilipima nikakuta sukari ni tisa nukta mbili, mahali salama, nikamwonyesha. Akaitazama namba ile, akavaa kofia, akaenda zake. Tangu siku hiyo hajasema ndiyo, na hajasema hapana.

Kwa hiyo sikuandikii kuomba ruhusa. Naomba plasta, zile pana zisizobanduka majini, kwa sababu za hapa hufika katikati ya zoezi zikaanza safari zao. Na Baba akikupigia tena, usimbishie. Muulize tu aliishikaje pampu.

Nisalimie wanao, Wendy na Mutahi, na umwambie Mutahi deni lake la kunipigia simu halijasahaulika. Mama anakusalimu, na Mama Dedan, ambaye hujamjua bado, anakusalimu pia. Mungu alikaze goti lako na akuandalie njia kavu kila uendapo.

Ni mimi wako akupendaye, na mama yako kwa jina,

Wakonyo

Tanbihi: Baba ameikuta barua mezani akaisoma yote. Ameniambia nifute yale ya kiti. Nimekataa. Amemaliza chai yake, halafu akasema nikuandikie kwamba pakiti moja ya plasta haitoshi, tuma tatu, kwa sababu Jumamosi ni nyingi.